Mashine Iliyomsalimia Mbuke

Katika mwaka wa sabini na sita, kwenye hospitali moja ya misheni iliyojengwa juu ya kilima ng'ambo ya mto Ruaha Mdogo, alikuwapo karani mpiga chapa aliyeitwa Verediana Kikoti. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua wagonjwa waliotoroka dawa.

Siyo kwamba walitoroka kwa ubaya. Mtu aliletwa amebebwa kwenye machela, anakohoa damu, mbavu zinahesabika. Alichomwa sindano miezi miwili, akapata nguvu, akapewa tembe za miezi iliyobaki na tarehe ya kurudi, akaenda kwao. Kule kwao alikuta shamba limeota magugu au ng'ombe wametawanyika, na kwa kuwa kifua hakimwumi tena, tembe zilisahauliwa juu ya dari. Mwaka haukupita kabla hajarudishwa kwa machela ileile, na safari hiyo wengi hawakuondoka tena. Daktari Kalinga alikuwa amehesabu kadi kabatini akakuta watu mia nne wa namna hiyo, wametapakaa kutoka Idodi na Kalenga hadi kwenye mbuga za Usangu upande wa Mbeya. Alitaka kila mmoja apate barua kabla ya mvua, kwa sababu Usangu mvua ikishanyesha gari halipiti.

Barua zenyewe alizitunga Sista Apolonia, muuguzi mzee wa wodi ya kifua. Alisimama nyuma ya kiti cha Verediana, kadi mkononi, akasema maneno naye Verediana akayapiga. Apolonia hakujua barua isiyo na salamu. Alianza na kamwene hata kwa mtu asiye Mhehe, akauliza watoto, akauliza mahindi, akamtaja yule mtu wa nyumbani aliyeahidi kumsimamia mgonjwa ameze dawa, na mwishoni kabisa ndipo akasema njoo. Barua moja iliwachukua dakika kumi na mbili. Ilipofika katikati ya Septemba walikuwa wamemaliza hamsini, na kidole cha kati cha Verediana kilikuwa kimevimba.

Ndipo Daktari alipokumbuka sanduku lililoletwa na wafadhili kutoka Ulaya, ambalo lilikaa stoo miezi mitatu kwa kukosa mtu wa kulijua. Akamwita fundi kutoka Mbeya.

Fundi huyo aliitwa Sedekia. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mpole, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za simu za maandishi. Alifika kwa basi akiwa na mfuko wa bisibisi, akafungua sanduku, akatoa taipureta kubwa kuliko cherehani mbili, yenye waya nyuma na vishubaka viwili vidogo vya chuma ubavuni. Akaipangusa, akaichomeka kwenye umeme wa jenereta, ambao ofisini uliwashwa saa moja na nusu tu kwa siku, kisha akapitisha kwenye kishubaka utepe wa karatasi uliojaa matundu.

"Kaa mbali kidogo na vidole vyako, dada," alimwambia Verediana.

Akabonyeza kitufe. Vibonye vikaanza kuzama vyenyewe. Herufi zilipiga karatasi kwa kasi ambayo Verediana hakuwahi kuifikia katika miaka sita ya kazi, na hapakuwa na mkono wa mtu juu yake. Apolonia, aliyekuwa akipita na sinia la sindano, aliliweka chini polepole.

"Nani anaandika?" aliuliza.

"Utepe, mama. Kila safu ya matundu ni herufi. Mashine inapapasa kama kipofu anavyopapasa ukuta."

Apolonia alisogea, akasoma yaliyoandikwa. Yalikuwa maneno ya Kizungu ya majaribio, lakini aliyatazama kwa heshima kama mtu anayetazama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.  Mwili ulimsisimka Verediana kuanzia mgongoni hadi kwenye kidole kile kilichovimba. Alihisi kwamba mtu ameketi kwenye kiti chake, mtu asiyeonekana, na mtu huyo anajua kazi kuliko yeye.

Sedekia aligeuza mashine akawaonyesha ubao uliokuwa nyuma, umejaa vitundu na waya fupi za rangi zilizochomekwa huku na huku. "Hapa ndipo akili yake ilipo," alisema. "Ukihamisha waya, unaibadilisha tabia. Ni mashine ya kufundishwa, siyo ya kutumwa tu."

Siku mbili zilizofuata alikaa na Verediana wakatoboa tepe za maneno ya Apolonia. Kisha akaweka mezani namna mbili za kuyaita.

"Mimi sikuchagulii," alisema. "Atakayeishi nayo ni wewe. Namna ya kwanza ni hii ya misumari. Kila sentensi ina utepe wake, unauning'iniza ukutani. Ukitaka salamu unachukua wa salamu, ukitaka habari za mahindi unachukua wa mahindi. Mashine haitasema jambo ambalo hukulichukua kwa mkono wako. Namna ya pili ni pete."

Pete ilikuwa utepe mrefu uliogundishwa ncha kwa ncha, ukizunguka kwenye gurudumu. Verediana alitakiwa apige herufi mbili tu, kwa mfano *km*, na mashine ilizungusha pete hadi ikaona alama ile, ikaandika salamu nzima tangu kamwene hadi watoto. Haikuishia hapo. Sedekia alikuwa amepanga waya ili sentensi moja ikiisha, mashine iendelee na ile ambayo kwa kawaida huifuata. Majina ilikuwa ikiyasoma kwenye kishubaka cha pili, kutoka utepe mfupi wa kila mgonjwa: jina lake, kijiji chake, na jina la msimamizi wake wa nyumbani, kama yalivyoandikwa mbele ya kadi.

Verediana alijaribu zote mbili huku akitazama saa ya ukutani. Kwa misumari, barua ilichukua dakika tisa, na alilazimika kuinuka kila mara. Kwa pete ilichukua dakika nne. Alipiga *km*, akakunja mikono, akaona maneno yakimtangulia. Kabla hajawaza habari za mahindi, mahindi yalikwisha kuulizwa. Kabla hajakumbuka kumsalimu msimamizi, msimamizi alikwisha kusalimiwa kwa jina. Lililomshangaza zaidi halikuwa kasi. Ni kwamba maneno yalikuwa sahihi, yaleyale ambayo Apolonia angesema, kwa mpangilio uleule, kana kwamba yule mama amemeguliwa kipande akatiwa kwenye karatasi.

"Kuna na jambo la tatu," Sedekia alisema wakati akifunga mfuko wake. "Naweza kukuonyesha tundu la kusimama. Ukilitoboa mahali, mashine ikifika hapo inasimama hadi uiruhusu. Lakini litakurudisha nyuma. Barua itachukua dakika saba."

Alimwonyesha waya unaohusika. Verediana alitazama rundo la kadi mia tatu na hamsini, akatazama dirishani mawingu mepesi yaliyokuwa yakipita juu ya mji wa Iringa.

"Pete inatosha, fundi," alisema.

Wiki ya kwanza aliandika barua mia na kumi. Daktari alikuja kusimama mlangoni mara kwa mara, mikono mfukoni, akitazama tu. Barua zilitiwa mhuri, zikatiwa kwenye bahasha, zikachukuliwa na madereva wa mabasi na malori ya barabara kuu, wakazishusha Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, na kutoka hapo zikaendelea mikononi mwa mabalozi wa nyumba kumi na walimu wa elimu ya watu wazima. Apolonia hakuhitajika tena nyuma ya kiti. Alirudi wodini.

Kisha watu wakaanza kuja.

Verediana aliwaona kwanza kupitia dirishani, watatu, wakipanda kilima kwa kupumzika kila baada ya hatua kumi. Kesho yake walikuwa saba. Kufikia Ijumaa mabenchi ya nje yalijaa, na kila mtu alishika barua yake, nyingine zimekunjwa mara nane na kufungwa kwenye pindo la kanga, nyingine zimelowa jasho. Alipita katikati yao akiona maandishi ya mashine yake kwenye mikono ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Mzee mmoja wa Idodi alimwambia alikuwa ametembea siku mbili, kwa sababu, alisema, hakujua kwamba hospitali bado inakumbuka mahindi yake. Verediana aliingia ofisini akafunga mlango. Alisimama mbele ya mashine, akaona haya kukaa.

Budeba alikuja Jumanne ya wiki iliyofuata.

Alikuwa Msukuma mfugaji, mmoja wa wale waliohamia Usangu na mifugo yao kutoka kaskazini. Alikuwa mwembamba, amevaa koti zito lililokatika mfuko mmoja, na hakukaa kwenye benchi pamoja na wengine. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa ofisi akasimama.

"Shikamoo, baba," Verediana alisema.

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. "Namtafuta aliyeandika hii."

Alimkabidhi barua. Verediana aliisoma, ingawa aliijua kwa moyo. Kamwene, ndugu yetu Budeba. Watoto hawajambo? Mahindi yalitoka namna gani mwaka huu? Na kisha: *Msalimie sana Mbuke. Mwambie tunamtegemea akukumbushe tembe zako, na tutafurahi kumwona akija pamoja nawe.*

"Niliiandika mimi," alisema.

"Mbuke ni mke wangu," Budeba alisema. "Alifariki mwezi wa tatu. Nilimzika mwenyewe, kwa mikono hii. Nimekuja kuuliza mlimwona wapi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia, na hilo ndilo lililomfanya Verediana ashike ukingo wa meza.

Budeba aliendelea taratibu. Yeye hakujua kusoma. Barua ilisomwa na mwalimu mbele ya nyumba yake, watu wamekusanyika. Mwalimu alipofika kwenye jina la Mbuke alisita, akasoma hadi mwisho kwa kuwa ndiyo kazi yake. Watu wazima walitazamana. Lakini binti yake mdogo, Roza, mwenye miaka mitano, aliinuka akaenda kusimama njiani. Alisimama hadi jua lilipozama, wakambeba wakamrudisha. Kesho yake akasimama tena.

"Nikamwambia mama yake hayuko," Budeba alisema. "Akaniambia karatasi imesema yuko. Mimi namjua aliye kaburini, mayu. Lakini karatasi imetoka hospitali, ina mhuri. Nikasema, acha niende niulize, nisije nikawa mimi ndiye mwongo."

Verediana alivuta droo ya kabati, akatafuta kadi. Mbele yake palikuwa kama alivyokumbuka: Budeba, kijiji, msimamizi Mbuke, mke. Akaigeuza. Nyuma, pembeni kabisa, kwa penseli na mwandiko wa Apolonia uliolala, paliandikwa: *Mke amefariki Machi. Habari ya dereva. Asitajwe.*

Verediana alikuwa ametoboa tepe zote za majina kwa kusoma upande wa mbele.

Angeweza kusema ni mashine. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake alimwonyesha kadi pande zote mbili, akamweleza lipi limeandikwa wapi, akasema, "Habari tulikuwa nayo. Mimi sikugeuza kadi. Nisamehe, baba."

Budeba alimrudishia kadi. "Basi hamkumwona."

"Hatukumwona."

"Na maneno haya yote ya upole, mliyasema bila kutazama?"

Verediana alimwonyesha mashine. Alitia utepe, akapiga herufi mbili, na Budeba akatazama vibonye vikizama vyenyewe. Uso wake ulibadilika. Alivua kofia. Aliinama akaangalia chini ya meza, kisha nyuma ya mashine, kisha akarudi mbele, akatazama salamu zikijipanga mstari kwa mstari. Ilipomaliza, alinyoosha mkono akaugusa utepe kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

"Kitu kikubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kitu kikubwa sana. Na hakina macho."

Kisha akaomba jambo ambalo Verediana hakulitegemea. "Nipitishe kwenye vyumba vyenu. Vyote. Nikirudi nimwambie Roza kwamba nimetazama."

Verediana alimwita Apolonia, wakaenda watatu. Walianza wodi ya kifua, wakaenda ya wanawake, ya wazazi, ya watoto. Kwenye kila kitanda Budeba alisimama. Alimtazama aliyelala, akamwamkia kwa sauti ya taratibu, akangoja ajibiwe, akaenda kitanda kingine. Wanawake walimtazama wasielewe anatafuta nini, lakini hakuna aliyemcheka. Katika wodi ya wazazi mama mmoja aliyekuwa amejifungua usiku alimwonyesha mtoto. Alitazama stoo ya mashuka. Alitazama jiko. Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa kidogo ili aone kwamba ni meza tupu.

Verediana alikuwa akitembea nyuma yake. Miaka sita alikuwa amefanya kazi katika jengo lile, na hakuwahi kuwaona watu waliomo mmoja mmoja kwa namna hiyo, kila sura kwa zamu yake. Alihesabu vitanda tisini na viwili. Alipofika cha mwisho alijisikia kama mtu anayetoka kanisani siku ambayo mahubiri yamemfika, asitake kusemeshwa.

"Hayupo," Budeba alisema wakiwa nje. "Sasa naweza kusema."

Apolonia alimshika mkono akampeleka kwenye chumba cha sindano, kwa maana kikohozi alichokuwa nacho kilikuwa kibaya.

Mchana ule Verediana hakuandika barua. Alitoa zile kadi mia na sitini zilizobaki kwenye foleni, akageuza kila kadi, akasoma yaliyokuwa nyuma. Kwenye kumi na moja alikuta penseli ya Apolonia. Mmoja alikuwa ameachwa na mume. Mmoja alikuwa amehamishiwa kijiji kipya na nyumba yake ya zamani kubomolewa, na asingependa kuulizwa habari za mahindi. Akachukua bisibisi, akageuza mashine, akautafuta waya alioonyeshwa na Sedekia.  Aliuhamisha. Kisha akatoboa pete upya, akiweka tundu la kusimama kabla ya kila jina na kabla ya kila swali.

Daktari Kalinga alipokuja alikuta mashine imesimama katikati ya mstari.

"Imeharibika?"

"Hapana, Daktari. Inaningoja nitazame kadi."

Alimweleza habari za Budeba, hakuficha upande wake. Daktari alitoa mikono mfukoni. "Kwa dakika saba hatutamaliza kabla ya mvua," alisema. "Unalijua hilo. Kuna watu hawatapata barua kabisa."

"Nalijua."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa meza. Si kwamba mmoja wao alikuwa na makosa na mwingine haki, na wote wawili walilielewa hilo. Mwishowe akasema, "Basi Sista Apolonia arudi hapa asubuhi, asome kadi wewe ukipiga. Tuone mtafika wapi."

Kati ya zile mia na sitini, walifika kwenye barua ya mia na arobaini na tano. Mvua ya kwanza iliwahi, ikanyesha Usangu wiki ya kwanza ya Novemba, na dereva wa lori akarudisha mfuko wenye barua kumi kutoka Igawa, umelowa. Watu ishirini na watano hawakuandikiwa au barua zao hazikuwafikia. Verediana aliyaandika majina yao kwenye daftari, na kiangazi kilipofika aliyaanza hayo kwanza. Wanne walikuwa wamekwisha kufa. Alilibeba hilo na hakumwambia mtu kwamba ni jepesi. Lakini kati ya wote walioandikiwa, watu mia mbili na themanini na mmoja walirudi wakamaliza dawa, idadi ambayo Daktari alimwomba airudie mara mbili kabla hajaiandika kwenye taarifa.

Budeba alikuwa mmoja wao. Alikaa wodini miezi miwili ya sindano, kisha akaenda na kurudi kila alipoitwa, bila kukosa. Mwezi wa Juni alikuja na Roza. Walikuwa wamepanda basi alfajiri, na mtoto alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wakati baba yake akipimwa, alisimama ofisini akiegemea meza, akitazama vibonye vikizama na kuinuka. Verediana alikuwa akiandika barua ya mwanamke mmoja aliyeitwa Juliana, wa Kalenga. Mashine ilifika mahali pa msimamizi, ambaye kwenye kadi alikuwa mama yake Juliana, ikasimama.

Roza aliuliza jambo kwa Kisukuma. Budeba, aliyekuwa akiingia huku akifunga vifungo vya koti, alitafsiri.

"Anauliza kwa nini imenyamaza."

"Mwambie haimjui huyo mtu," Verediana alisema, akaigeuza kadi. Nyuma hapakuwa na kitu. Hata hivyo aliinuka, akaenda wodini kumwuliza Apolonia kama mama yake Juliana bado yu hai.